Rula ya Apondi

Kwenye simu samaki wote ni wakubwa.
Ngege wamelazwa sinia moja, limau pembeni:
"Wabichi, wa leo leo, twakuletea hadi Migosi."
Wa ufuo gani? nauliza. Wavu wa inchi ngapi?
Muuzaji ananijibu kwa kicheko cha manjano
na kidole gumba.

Namwandikia: weka rula kando yake, piga picha tena.

Kimya.
Mafuta yananitazama karaini.
Kisha inaingia: rula ya plastiki, ya shule,
jina limekwaruzwa kwa ncha ya bikari, APONDI,
na ngege kajinyoosha kando yake kama mwanafunzi mtiifu,
mkia umekomea kumi na tisa.

Huyu hajawahi kutaga.

Vidole vinasita. Najua rula ile ina karo nyuma yake,
ina soksi, ina deni la duka.
Lakini nikila hawa sita leo,
Apondi akikua atapima nini?

Nafuta sita. Una aliyeipita rula?
"Yuko mmoja tu. Na bei yake, dada, ina meno."
Mlete na meno yake.

Usiku tuko watano mezani na samaki mmoja,
ugali mkubwa, mchuzi mwingi wa kusingizia.
Mama mkwe anahesabu sahani, anahesabu tena:
"Siku hizi Kisumu tunaishi mbali na ziwa?"

Nampa kichwa.
Ananyonya jicho, polepole,
haulizi tena.