Mnanaa wa Perusi

Ulikuja ndani ya kopo la siagi,
vishina vitatu na udongo mweusi wa Hombolo.
Perusi aliupitisha juu ya uzio wa minyaa:
"Upande, lakini usiuamini."
Nikacheka. Mmea gani wa kuogopwa hapa Nkuhungu,
ambako hata mwarobaini huomba maji kwa adabu?

Nikaupa nafasi kati ya mchicha na nyanya chungu,
pale ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo.
Mwezi wa kwanza uliinama kama mgeni.
Wa pili ukaulizia njia ya jikoni.
Wa tatu mchicha ulikuwa wa njano,
na mimi nagawa majani ya chai mtaa mzima.

Nilichimba.
Chini mlikuwa na kamba nyeupe
zikipita kimyakimya, fundo kwa fundo,
kila fundo na jicho lake.
Bamia ilibaki imesimama katikati
kama mwalimu wa zamu aliyezidiwa na watoto.
Nikazika ndoo isiyo na kitako, nikaufungia humo.
Dumu la maji kiangazi lina bei yake;
siwezi kunywesha harufu, nyumbani tunakula mlenda mkavu.

"Umemtia mwanangu jela," alisema Perusi.
Chai yake tukainywa palepale, tumekalia matofali.

Kisha wapima wakaja,
wakasimika bikoni ya saruji kwenye tuta lake la figiri.
Nyumba itashuka, walisema, uzio utang'olewa upande wa mbele,
barabara itapita.
Yote yakawa, isipokuwa barabara.
Perusi alihamia Mpunguzi kwa mwanawe Chedego,
na godoro, na mtungi,
na kuku wawili waliofungwa miguu.

Leo ni Novemba. Mvua ingali tetesi,
vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.
Nimevuka kiwanjani kwake kutafuta mbuzi.
Bomba walilolikata bado linadondosha tone,
linafikiri,
linadondosha jingine.
Na hapo chini, ukiizunguka bikoni pande zote,
kijani, upana wa kanga iliyokunjwa.

Umetoka kwangu. Umepita chini ya ndoo,
chini ya minyaa, bila kuaga,
bila kibali cha ofisi ya ardhi.

Nikachutama. Nikasugua jani moja kwa kidole gumba.
Mbuzi analia upande wa pili,
na mimi nimesahau nilichokuja kutafuta.