Maji ya Kusuuzia

Tanuri lilizimwa mwaka ule Dama alipoanza kutambaa.
Wenyewe waling'oa mabati, wakabeba mizani,
mlinzi wakamwachia kofia na deni la miezi mitatu.
Chungu hawakuibeba.

Kuna chungu cha kupikia,
na kuna chungu, ile ladha ya shubiri.
Hii yetu ni ya tatu,
imesimama nyuma ya reli hapa Miritini:
mavi ya chuma,
ndivyo lugha ilivyoyaita zamani bila haya,
kabla hawajaja wenye makaratasi
wakayaita mabaki.

Mimi ni dobi. Nina kamba saba.
Asubuhi mapema chungu imelala.
Saa nne upepo hupanda kutoka upande wa Kilindini,
huipapasa mgongo, nayo hugeuka,
huanza kupumua.
Wanaosema imekufa hawajaanika kitu cheupe.

Vumbi la barabara nalijua, ni la watu wote,
ulipige kofi litaondoka.
Hili jingine halionekani likija.
Ni jembamba. Linajua njia ya sindano.
Sare za Saumu, nesi wa zahanati, ndizo zilizosema kwanza.
Akanirudishia moja, ameikunjua mbele ya wateja:
"Kitsao, hii umeifua
au umemkopesha makanika?"

Nikairudia mara tatu.
Maji ya suuzo la mwisho nikayatia kwenye chupa ya soda,
nikayaacha yatulie usiku.
Asubuhi, chini kabisa,
mstari mweusi wa kumetameta
kama wanja.

Tangu hapo sikumwaga.
Kila Ijumaa chupa moja,
tarehe nimeibandika kwa plasta.
Mke wangu alidhani natengeneza dawa.

Mwaka jana yakaja malori.
Tulipiga makofi, sikufichi. Chungu inahama!
Kila tripu shilingi elfu mbili, kifusi kizuri, kigumu,
hakinywi maji.
Tukaiona inapungua, tukapumua
kwa furaha tu, hewa ilikuwa ile ile.

Kisha siku moja napeleka kanzu ya mwalimu mkuu
nakuta kiwanja cha shule kimesawazishwa,
cheusi, hakuna tope tena.
"Tumebahatika," ananiambia.
Nyuma yake watoto wanakimbia duara,
na kila kisigino kina wingu lake dogo.
Dama yu katikati,
kinywa wazi,
anacheka.

Akaja Nyambu na kimashine chake.
Akakiweka juu ya tangi langu la maji,
ndani yake kikaratasi cha mviringo, cheupe,
kidogo kuliko chapati ya mtoto.
"Siku moja tu, tupime kinachopita."
Kesho yake kilikuwa na rangi ya chai ya jana.
Akaandika namba.
Nikamwuliza, hiyo namba inakohoa?

Hakucheka. Nikampenda kwa hilo.
Nikamwingiza chumba cha mkaa,
nikavuta gunia.
Chupa mia moja na arobaini na moja.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hakusema pole. Alisema:
"Za miezi ya kusi ziko wapi?"
Nikamwonyesha. Akazipanga dirishani,
wanja juu ya wanja, mnene, mwembamba, mnene,
akasoma tarehe kwa sauti ya chini
kama mtu anayeita majina ya darasa.

Akaomba kumi na mbili za kuondoka nazo.
"Usizitikise," nikamwambia.
Akazibeba mbili mbili,
kama mayai ya kuatamia.

Ilikuwa imefika saa nne.
Kwenye kamba ya tatu, sare ya Dama, ingali mbichi.
Nikaigeuza, ndani ikawa nje.
Nikasimama.
Nikakumbuka ngozi yake hukaa upande gani.
Nikairudisha.