Sababu (Andika kwa Kifupi)

Fomu niliyochukua ofisini ina mstari mmoja wa sababu,
mfupi kama kidole,
na mimi, neno "mimi" peke yake
hunichukua nusu dakika.

M, nasema, m,
na dawati la nyuma linanimalizia.
Tuko tisini na wawili, kidato cha tatu B.
Siku ile mwalimu Chilongani
alinisimamisha nisome aya moja ya baiolojia.
Kiingereza kikanikwamisha mara ya kwanza,
ulimi ukanikwamisha mara ya pili,
na upepo wa Hombolo ukaingia dirisha lisilo kioo
ukafunua kurasa za mbele
kana kwamba nao umechoka kusubiri.
Hawakucheka wote.
Ningependa kusema walicheka wote,
ingekuwa rahisi.

Shangazi Yudithi anasema inawezekana:
unasoma nyumbani, unalipa ada ya mtihani,
unaingia chumbani kama mtahiniwa wa kujitegemea,
namba yako inaanza na herufi P.
Karatasi haina masikio, anasema.
Jibu likishaandikwa halina kigugumizi.
Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Basi likizo ya Juni nikajaribu.
Nikafuta meza tunayochambulia mlenda,
nikapanga madaftari ya kaka Ndahani,
yale yaliyoliwa pembe na panya.
Jumatatu nilisoma kwa sauti, mbuzi wakisikiliza,
nikasema usanisinuru mara tatu bila kujikwaa,
ulimi ukapita
kama maji kwenye mfereji wa mizabibu.
Nilicheka peke yangu. Mbuzi mmoja akajamba.

Jumanne mama aliniita mara moja, kuchota maji.
Jumatano mara nne.
Alhamisi walikuja wapogoaji shambani,
nani atawapikia, si Seche yupo nyumbani?
Ijumaa daftari lilikuwa na alama ya sufuria,
duara jeusi juu ya sheria ya pili ya mwendo.

Shuleni kuna kengele, rimu ya lori:
inagongwa, inanyamaza.
Nyumbani hakuna kengele. Kuna jina langu,
na jina langu halina mapumziko.

Jumamosi Nyemo akaja na baiskeli ya baba yake.
Nikamwambia. Ilichukua muda.
Alikuwa amechuchumaa, anang'oa mbigiri kwenye tairi,
moja, halafu nyingine,
hakuinua kichwa, hakunisaidia neno.
Mwaka wa tatu huu, hajawahi kunimalizia neno.
Nilipofika mwisho wa sentensi
naye alikuwa kwenye mbigiri ya mwisho.
"Sawa," akasema. "Na upande wa dirishani atakaa nani?"
Sikuwa na jibu,
si la mdomo, si la kalamu.

Usiku mama akaikuta fomu chini ya kopo la chumvi.
Akaigeuza kwenye mwanga wa tochi ya simu.
"Hapa pameandikwa nini?"
"S-sababu."
"Na wewe umeandika nini?"
Nikatikisa kichwa.
Akaenda ndani, akarudi na penseli,
ile fupi ya kuandikia madeni ya uwele,
imeng'atwa mkiani na watu wa nyumba nzima.
"Wino usitumie," akasema. "Wino una haraka."
Kisha, akiwa amenipa mgongo, anafunika moto kwa majivu:
"Kesho maji nitachota mwenyewe.
Na hilo liandike."

Shule inafunguliwa keshokutwa.
Sare nimeifua, iko kambani, inapigana na upepo,
mkono mmoja unaelekea barabarani,
mwingine unaelekea mlangoni kwetu.
Sijaifuata. Nimekaa mezani.
Nimeandika herufi moja, m.
Mstari uliobaki ni mweupe,
na safari hii
hakuna anayenimalizia.