Mengineyo

Ghorofani, juu ya chumba cha minofu, Igogo,
kompyuta yangu ina safu ya saba.
Kichwa chake: Mengineyo.
Niliikuta hapo nilipoajiriwa.
Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza.
Kila tarehe ishirini na nane
naandika elfu kumi na moja na mia tano,
nabonyeza, inashuka yenyewe
mistari themanini na sita
kama manyunyu, hayamruki mtu.

Leo Milembe kapanda ngazi na buti zake nyeupe.
Magamba ya sangara yamemganda hadi viwikoni,
yanameta kama sarafu zisizopokelewa dukani.
"Mwangaluka, karani."
Kakikunjua kikaratasi cha mshahara,
kimelowa barafu, kinanuka utumbo wa samaki,
kaweka kidole:
"Huyu Mengineyo ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza kwa kuwa kila mwezi anakula nasi.
Mimi nasimama mezani toka saa kumi na moja alfajiri,
kisu kinateleza, vidole vinakufa ganzi,
sijamwona akishika hata pezi.
Hana aproni. Hana zamu.
Lakini siku ya malipo
ndiye wa kwanza kunawa mikono."

Glavu, nikamwambia. Kisu. Sabuni ya buti.
Sauti yangu ikawa inapapasa
kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Mimi nilitia saini kukata samaki," akasema.
"Sikutia saini kukatwa."

Kisha akatoa daftari la mwanawe,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Baada ya hesabu za darasa la nne, zinaanza saa zake:
Jumanne, mbili zaidi.
Alhamisi, tatu, lori la barafu lilichelewa.
Jumapili, usiku kucha. Bwire aliteleza, goti.
Ni penseli, lakini hakuna palipofutwa.
Mimi, safu ya tano, Saa za Ziada,
nina sifuri themanini na sita,
za mviringo, safi, kama mayai viza.

Sheria naijua. Niliifanyia mtihani, nikafaulu:
saa ya ziada hulipwa moja na nusu;
fedha ya mtu haikatwi
ila sheria iruhusu, au mwenyewe akubali kwa maandishi.
Niliijua
kama unavyomjua jirani usiyemsalimu.

Jioni, kivuko cha Kamanga kilipopiga honi,
nikafungua kikaratasi changu mwenyewe.
Miaka minne sijawahi kukisoma, maana
mpishi haonji ugali wake.
Safu ya saba.
Sina glavu mimi. Sina kisu.
Elfu kumi na moja na mia tano.

Nikachapa nakala za mwaka mzima.
Asubuhi getini bahasha ya kaki ilibadili mkono;
hatukusemezana, tulizungumzia bei ya dagaa
kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida.

Kumi na mmoja wakaenda kwenye Tume,
Bwire akichechemea mbele.
Nasimuliwa tu, sikuwapo, nilikuwa kazini, niliogopa.
Wanasema msuluhishi alilipitia daftari lote,
hata hesabu za mtoto,
akauliza: na la mwajiri liko wapi?
Mwajiri alikuja na wakili.
Daftari hakuja nalo.

Shauri bado halijesha.
Ila jana niliitwa, mlango ukafungwa,
nikaagizwa niifute safu ya saba.
Nimeifuta. Ilichukua nukta moja,
kitu kilichokula miaka.
Mahali pake, nikaambiwa, weka Marekebisho.

Nimeliandika neno. Tarakimu bado.
Kishale kinapepesa jicho.
Ngazini nasikia buti, na sijui
kama ni jozi moja au kumi na moja,
na kabla hajauliza
kama huyu ni mdogo wake Mengineyo,
nimeigeuza skrini
ielekee mlangoni.