Kushoto, Kulia

Mama Nyevu ameniuliza kwa nini nagonga dari.
Sikujua kwamba nagonga.
Mpini wa ufagio u mkononi, nimesimama kitandani na soksi,
saa tisa za usiku, Mikindani,
nasikiliza.

Mwamba mzima ukigongwa huitika: ngi.
Uliolegea hunong'ona: bu,
kama mtungi uliopungua maji,
na hapo unatoka, hugeuki kuaga.
Dari yangu ni plaiwudi. Yote ni bu.

Wiki sita chini, siku kumi na nne nyumbani.
Jua la hapa halipigi hodi.
Machozi yananitoka barazani, na majirani
wameshaniletea dawa tatu za macho.
Tsuma wa duka ananitania: aliye juu mngoje chini!
Namwambia nimengoja miaka tisa, mita mia sita,
na wa juu hajashuka hata mmoja,
ila yule bwana wa bima,
naye alitapika ndani ya kofia.

Mashine yangu ni namba saba. Tunaiita Bi Harusi
kwani haendi popote bila taa na kelele.
Kijiko kimoja, tani kumi na nne.
Humo hukai kama dereva wa lori; unakaa ubavu,
kama mama juu ya bodaboda,
shingo kushoto ukienda, shingo kulia ukirudi.
Ndiyo maana hata kwenye mkeka nakaa upande
na mahamri yananifikia kwa kuzunguka.

Lakini kuna vyumba havina nyavu wala nguzo,
baruti imetoka kulia, paa halijaamua.
Humo mtu haingii.
Unasimama nyuma ya mstari mwekundu,
rimoti kifuani kama mtoto kwenye mbeleko,
na Bi Harusi anaingia peke yake
kula mbale.
Nikisukuma kidole anainama.
Nikivuta anarudi, amejaa.
Silijui joto lake humo ndani. Sisikii tairi likiteleza.
Naona taa mbili tu.

Nyumba hii nimeiendesha hivyo hivyo.
Kidole: karo.
Kidole: maji ya mkokoteni,
maana bomba letu lina hadithi nyingi kuliko maji.
Kidole: jino la Nyevu, liling'olewa sipo.
Kidole: sanda ya mama.
Simu inatetema, pesa zimefika,
nami niko nyuma ya mstari.

Juzi umeme ulipokatika nilimfundisha Nyevu ishara
kwa tochi ya simu.
Duara: njoo.
Juu, chini: rudi nyuma.
Kushoto, kulia: simama, kuna mtu.
Ana miaka saba, na ameshika upesi
kuliko vijana tunaoletewa na vyeti.
Akawa yeye ndiye mashine, ananguruma mmmm,
amekumbatia mito miwili, tani kumi na nne,
anarudi kinyumenyume hadi akagonga kabati,
akakataa kulia kwa sababu mashine hazilii.
Tulicheza mpaka betri ikafa.
Mama yake alitutazama kutoka mlangoni
kama mtu anayehesabu chenji.

Leo basi linaondoka saa kumi na moja.
Nina begi, nina kibati cha namba yangu
kile ninachokitundika langoni mwa mgodi
ili wakihesabu wajue nani hajapanda.
Nimekitia mfukoni, nikakitoa, nikakitia tena.
Umeme, bila shaka, haupo.
Mama Nyevu amenipa mkate wa sinia kwenye gazeti,
hakusema nenda, hakusema usiende.

Nimefika kwenye geti la mabati
ndipo ukuta wa jirani mbele yangu ukawaka,
ukazimika, ukawaka.
Kushoto.
Kulia.
Kimya. Chini pia hatusemi,
kelele ni nyingi mno.

Na mguu wangu wa kulia, wenyewe,
ukakanyaga mchanga kwa nguvu zote
ukitafuta breki.