Doto Anasema Baridi

Bi Nyamizi Kapela kaleta pikapu yake Cheyo
ikifuka moshi mweusi kama bani la tumbaku,
nyuma madumu sita ya asali ya Sikonge
na nyuki wawili waliokataa kushuka.

"Fundi, inakunywa. Tenki la kwenda na kurudi
siku hizi linaishia Tutuo.
Na nikiizima ikiwa ya moto, haiwaki
mpaka nikae kando saa nzima nihesabu magari ya wenzangu."

Gereji tatu zimekwisha kula pesa yake.
Ya kwanza ilibadili plagi. Ya pili, pampu.
Ya tatu ikatazama geji kwenye dashibodi,
mshale umetulia katikati, ikasema joto halina shida,
mama, labda ni petroli ya huku.

Nikafungua boneti. Plagi mpya, nyeusi tayari,
masizi makavu ya sufuria ya kuni.
Injini imevimbiwa. Nani anaikaribisha?

Kijana wangu Masele akauliza, "Sensa?"
Bi Nyamizi akacheka: "Tulishahesabiwa."

Siyo hiyo, mama. Njoo uone.
Hapa, jirani na bomba la juu la rejeta,
wamekaa wawili, tumbo moja:
Kulwa ana waya mmoja, anasema na dereva;
Doto ana nyaya mbili, anasema na kompyuta.
Kulwa mkweli. Geji haikukosea.
Lakini petroli haimwagwi kwa neno la Kulwa.

Kwanza nyaya: volti tano zinafika, panya hawajagusa.
Kisha nikamng'oa Doto, maji ya kijani yakanilamba kiganja,
nikamtumbukiza kwenye kikombe
cha maji yaliyotoka kuchemka kwa muuza chai.
Mita ikasoma elfu mbili na mia nne.
Tukasubiri. Masele akapunga mvuke kwa kofia.
Elfu mbili na mia nne.

Mzima angeporomoka mpaka mia tatu.
Huyu yumo kwenye maji ya kuunguza
anasema kuna ubaridi, ndiyo kwanza kumepambazuka,
na kompyuta, yenye huruma isiyo na macho,
inazidi kumimina.

Nyuma ya ukuta kuna gari lililokufa zamani.
Nikamtoa wa kwake, nikamzamisha vilevile:
elfu, mia saba, mia tatu na kumi.
Nikamfunga. Moshi ukakatika.
Ikazimwa, ikawaka. Ikazimwa, ikawaka.
Bi Nyamizi akalipa, akaongeza chupa ya asali,
kuhusu zile gereji tatu hakusema kitu.
Nyuki mmoja alibaki na sisi.

Jioni, mikono ingali inanuka petroli,
nikampigia mama, Urambo.
Hujambo, mama?
Sijambo.
Kifua je?
Sijambo, mwanangu.
Unakula?
Sijambo.

Sauti ileile ya masika, ileile ya Idi,
haikupanda, haikushuka.
Kwa neno hilo nimeahirisha safari
mara nne, pengine tano.

Masele alikuwa anafagia, akasita na ufagio.
Nikasema: Mama, hebu mpe simu Sizya wa jirani.

Kimya.
Kikohozi, mbali na simu, kimefunikwa kwa khanga.
Kisha:
"Sizya wa nini?"