Mshale wa Chaki

Kazi yangu ni herufi.
Ukipita Magongo ukaona "Kinyozi Msafi",
ukaona "Bucha ya Halali", "Magodoro Bei Poa",
mkono ni wangu.
Ila pale kwenye duka la saruji, tazama vyema:
S imeinama kama mtu anayepapasa ukuta.
Mwenye duka alinilipa nusu.
"Hiyo S yako," alisema, "imekunywa."

Nilikunywa kabla ya kushika brashi
ili mkono utulie.
Kisha nikanywa kwa kuwa mkono umetulia.
Mangweni walinijua kwa mlio wa ndala.
Dada yangu Nyevu akaacha kunigombeza.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Muuguzi wa zahanati aliandika
kwenye kipande cha boksi la dawa:
Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Tudor,
juu ya duka la vipuri, ngazi ya nyuma.
Nikakikunja kikawa kama ukucha,
nikakitia ndani ya soksi, wiki tatu.
Jasho likaila Alhamisi, ikabaki "hamisi".
Nikasema, basi, hayo ni mambo ya Hamisi,
mimi hayanihusu.

Wiki ya nne nilikwenda.
Tudor nzima haina bango la kitu hicho.
Mimi, mtu wa mabango!
Nikalipita duka la vipuri mara moja, mara mbili,
ya tatu, mama wa viazi karai akainua mwiko:
"Watafuta nini, mwanangu?"
Nikamwambia natafuta fundi wa saa.
Akanitazama macho, akanitazama vidole.
"Fundi wa saa yuko juu. Ngazi ya nyuma.
Shika ukuta, kidato cha tano hakipo."

Chumba cha masomo ya ziada.
Madawati ya watoto, magoti yetu yakigonga mbao,
ukutani jedwali la kuzidisha, mara saba.
Watu tisa na birika la chai ya tangawizi.
Hakuna aliyeniuliza ukoo,
wala nasali wapi.

Chengo, wa winchi bandarini: siku mia mbili na kumi na moja.
Bi Tima, mshona kofia, wa Kibokoni,
miaka kumi na minne ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
mtaani hata paka hakujua.
"Mficha maradhi," alianza,
akanyamaza.
Kilio kilichobaki tulikijua sote.
Mghoi: siku moja.
Juzi alikuwa na arobaini.
Akalisema hilo akitazama meza,
na hakuna aliyesonya.
Chengo akammiminia chai kabla yetu.

Zamu ikanifikia.
Nilitaka kusema nimepotea njia,
natafuta fundi wa saa.
Nikasema, "Naitwa Tsuma. Mkono wangu..."
nikauinua wauone.
Ukatetemeka mbele za watu
kama kitambaa kwenye kamba.
Neno jingine halikuja.
Wakasema, "Karibu, Tsuma."

Tulipokuwa tukipanga madawati
nikajitolea: nitawaandikia bango, bure,
buluu juu ya nyeupe, lionekane toka Makupa!
Bi Tima akacheka hadi akashika kiuno.
"Tsuma wee, ukitundika bango hapa
nani atapanda?"

Leo ni Alhamisi ya sita.
Nina siku kumi na tisa.
Kuna Jumamosi moja hapo kati; Mghoi anaijua.
S zangu bado zinainama, kidogo.

Mimi hufika mapema siku hizi.
Natoa chaki mfukoni,
na kwenye pembe ya ukuta, chini,
usawa wa macho ya mtu aliyeinamisha kichwa,
nachora mshale.
Mvua ikinyesha hufutika,
nauchora tena.
Na kando ya pengo la kidato cha tano
naandika, kwa herufi ndogo:
ruka.